Bi Zélie Guignard na Saa Saba Ambayo Hatukuwahi Kuisikiliza

Ijumaa ya tarehe 10 Julai 1987, siku ya mwisho kabla ya likizo ya mafundi saa, Bi Zélie Guignard alivua aproni yake baada ya miaka arobaini na mitatu ya utumishi katika karakana yetu ya Combe-Noire. Wasifu huu ulitakiwa uwe tayari wiki moja kabla ya siku hiyo, na kwa kweli ulikuwa tayari. Ulikuwa na aya za furaha, na ulimalizia kwa kusema kwamba katika miaka yote hiyo hakuna saa iliyopita mikononi mwake ikabaki na kasoro. Imebidi uandikwe upya. Sentensi hiyo imeondolewa kwa ombi la Bi Zélie mwenyewe, na yaliyotokea Jumatatu ya wiki yake ya mwisho yametuacha wengi wetu, mpaka leo, tukiongea kwa sauti ya chini kwenye ngazi.

Tuanze na yale yaliyokuwapo tangu mwanzo. Bi Zélie alizaliwa kijijini Le Solliat, kwa baba aliyetengeneza visanduku vya jibini vya mbao ya msonobari. Aliingia Combe-Noire mwaka 1944 akiwa na miaka kumi na tisa, wakati wanaume wa bonde letu walikuwa wamepelekwa kulinda mpaka kwa sababu ya vita. Alipewa benchi la chumba cha sauti kwa muda tu, mpaka wanaume warudi. Wanaume walirudi. Benchi halikurudi kwao.

Kazi ya chumba hicho ni saa za kale za mfukoni, za dhahabu, zile ambazo ukisukuma kitelezi kilicho ubavuni zinakugongea wakati: mlio mzito kwa kila saa kama ilivyoandikwa usoni pake (saa sita mchana ni milio kumi na miwili, saa saba ni mmoja), milio miwili ya pamoja kwa kila robo, na mlio mwembamba kwa kila dakika inayozidi. Ndani yake hamna kengele. Kuna nyaya mbili za chuma zilizopindwa kuizunguka mashine, na vinyundo viwili vidogo kiasi kwamba ukivimeza hutajua umemeza kitu. Dhahabu ni metali nzuri kwa macho lakini inameza sauti, na Bi Zélie ndiye aliyekuwa akiidai irudishe ilichomeza. Alipiga tupa waya kidogo, akasikiliza, akapiga tena. Mambo yakiwa magumu alishika kijiti cha msonobari kwa meno, ncha ya pili ikigusa saa, akasikiliza kwa taya.

Watumishi wapya walionywa juu ya chumba hicho kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Hakuna viatu vya mbao. Hakuna kutafuna peremende. Ng'ombe wanaposhushwa kutoka milimani mwezi wa Septemba, na njuga zao shingoni, madirisha yote yanafungwa, ingawa mwaka mmoja alionekana amesahau kufunga na amesimama pale na tupa mkononi. Alipoulizwa alisema yule mweusi wa mbele yuko sawa kabisa, wengine ndio wanahitaji kazi. Na majira fulani ya baridi, mtu alipoacha kisanduku kitupu cha jibini juu ya benchi lake, aliweka saa juu ya kifuniko ili apate nafasi, akaisukuma, na jengo zima likasikia. Tangu siku hiyo saa zote za wateja zilisikilizwa juu ya kifuniko cha jibini, na mteja mmoja wa heshima aliondoka akituuliza kwa nini saa ya babu yake inanuka maziwa.

Sasa inabidi kueleza habari ya Mchungaji.

Mchungaji ni saa ya dhahabu iliyotengenezwa katika bonde hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mali ya karakana yenyewe. Iliitwa hivyo kwa sababu ina sauti nzito, inaongea kwa muda mrefu, na hakuna anayethubutu kuikatiza. Ilikaa kwenye kabati la vioo ukumbini. Kila mgeni wa maana aliisikia, na kila mgeni aliisikia kwa namna moja: mishale ikiwa dakika moja kabla ya saa saba mchana. Watu wa kazi hii wanajua sababu. Hapo ndipo saa inapogonga wimbo mrefu kuliko wote: milio mizito kumi na miwili, robo tatu, kisha dakika kumi na nne. Saa inayoweza kumaliza wimbo huo bila kukwama huhesabiwa kuwa nzima. Ndivyo tunavyojaribu saa zote, ndivyo walivyofanya waliotutangulia. Kwa hiyo Mchungaji alisimamishwa hapo hapo, mishale tayari, ili mgeni asingoje. Akishasikia, mishale ilirudishwa palepale.

Mwaka huu uongozi ulitangaza kwamba Bi Zélie akiondoka, chumba cha sauti kitafungwa, isipokuwa kama Mchungaji atapata mnunuzi. Mnunuzi akapatikana. Alikuwa Bi Verena Zumsteg, mjane wa Basel, ambaye macho yake yamekuwa yakififia na sasa hayamwonyeshi ila mwanga wa dirisha. Alitaka saa ya kumwambia wakati bila kumwomba mtu. Makabidhiano yalipangwa Jumatatu tarehe 6 Julai, chumbani kwa Bi Zélie, mchana. Sote tulialikwa.

Bi Zélie alikuwa ameitia saa ufunguo mapema, ikawa inatembea. Ilipofika dakika ile tunayoijua, Bi Zumsteg alisukuma kitelezi, na Mchungaji akahubiri hotuba yake nzima. Watu walipiga makofi. Msimamizi wetu, Bwana Anselme Berney, alifuta macho na kusema ni vumbi la shaba. Kisha Bwana Lambelet, mkurugenzi, akasimama kutoa neno fupi. Hakuwa amemaliza sentensi ya kwanza wakati kengele ya kanisa ng'ambo ya barabara ilipogonga mara moja. Saa saba kamili. Bi Zumsteg, aliyekuwa ameishika saa sikioni kama mtu aliyeshika simu, alisukuma tena, nadhani kwa furaha tu.

Tulitegemea mlio mmoja. Tukasikia wa pili. Wa tatu. Mchungaji aligonga mara kumi na mbili, akanyamaza.

“Ameniambia ni saa sita,” Bi Zumsteg akasema. “Kengele inasema saa saba. Nimwamini nani, mwenye dhahabu au mwenye kamba?”

“Hukusukuma mpaka mwisho, mama,” Bwana Berney akasema haraka. “Huyu anataka mkono wa nguvu kidogo.”

“Mkono huu umekanda mikate miaka arobaini, bwana.”

“Anselme, nyamaza,” Bi Zélie akasema. Alikuwa amekuwa mweupe kama ukuta. “Amesukuma sawasawa. Saa hizi hazijui kusema nusu, na wewe unajua. Ukisukuma pungufu, hazigongi kabisa. Hii imegonga. Imegonga uongo.”

Neno hilo halijawahi kusemwa katika chumba kile juu ya saa yoyote ya nyumba hii, na lilisemwa mbele ya mnunuzi. Mtu mmoja nyuma alikaa chini kwenye ndoo ya vumbi la mbao.

Bwana Lambelet, ambaye nia yake ilikuwa kukilinda chumba, aliomba jaribio lingine. Ikagonga kumi na mbili tena, na dakika mbili juu yake. Akaichukua Bwana Berney, akaiweka mezani, labda kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia, na ndani yake kikasikika kitu kidogo kikianguka mahali pake. Alipoisukuma, iligonga mara moja, na dakika zake, bila kosa.

“Mmeona?” Bwana Lambelet akasema. “Imepona.”

“Haijapona, bosi. Imeshtuka,” akajibu Bi Zélie.

“Basi ni dakika chache tu, mara mbili kwa siku. Saa ya umri huu ina haki ya kusinzia kidogo.”

“Na mimi nitajuaje imesinzia?” Bi Zumsteg akauliza.

Bwana Lambelet alimsogelea Bi Zélie na kumnong'oneza, lakini chumba kile kilijengwa kwa ajili ya kusikia, na wote tulisikia.

“Unajua chumba chako kinategemea nini.”

“Najua, bosi.”

“Basi?”

“Basi siwezi kumkabidhi mtu asiyeona saa inayohitaji mtu wa kuitazama.”

Mistari hii Bwana Lambelet ameisoma na amekubali ichapwe. Amesema ndivyo ilivyokuwa.

Bi Zélie aliifungua saa palepale, mbele yetu, kofia ya kitambaa kichwani na kioo cha kukuzia jichoni. Chini ya mishale kuna gurudumu dogo lenye umbo la nyota. Kila saa inapotimia, nyota hiyo huruka jino moja, na springi nyembamba huishika isirudi. Hivyo ndivyo saa inavyojua igonge mara ngapi. Jino moja la nyota ya Mchungaji lilikuwa na kishimo, na springi ilikuwa imechoka. Nyota ilikuwa inapanda mpaka kwenye ncha ya jino lile na kukaa hapo, ikingoja mtu aitikise.

Maana yake ilituingia polepole, kisha yote kwa mara moja. Tulikuwa tumeisimamisha saa ile ukingoni kabisa mwa jino lile, dakika moja kabla ya kuruka, mwaka baada ya mwaka, ikisukuma na kutoruka. Tuliharibu saa saba yake kwa kupenda wimbo unaotangulia.

“Nani hapa,” Bwana Lambelet akauliza, “amewahi kumsikia Mchungaji akigonga saa saba?”

Hakuna mkono ulioinuka. Walikuwapo watu wenye miaka thelathini kazini, watu ambao walikuwa wameisafisha saa ile, wameisifu kwa wageni kutoka nchi za mbali, na wameiandika kwenye vitabu vya maonyesho kwamba haina dosari.

“Na nani alisema isimamishwe pale?”

Bwana Berney alianza kuchunguza dari.

“Acha dari, Anselme,” Bi Zélie akasema. “Ni mimi. Wageni walikuwa wanachoka kungoja mishale izungushwe. Nikasema iacheni palepale. Nilijiona mjanja sana.”

Bwana Lambelet alikaa. Alieleza kwa utaratibu, na alikuwa sahihi kwa upande wake, kwamba kutia nyota mpya katika saa kama hiyo ni kuitia jeraha: haitakuwa tena kazi ya mkono mmoja, na wakusanyaji wa saa za kale, watu wa makabati ya vioo, hawatasamehe. Ikibaki ilivyo, ni kamili.

“Bwana,” Bi Zumsteg akasema, “mimi si kabati. Sitaitazama hata siku moja. Nitaiuliza.” Akanyoosha mkono, akatafuta meza, akaigusa mara moja kama anayepiga muhuri. “Leo sisaini. Ijumaa, saa saba, nitakuja kuiuliza tena. Ikinijibu, naichukua. Isiponijibu, mtanisamehe.” Akaomba kuonyeshwa njia ya nyumba ya wageni.

Hivyo ndivyo wiki ya mwisho ya Bi Zélie, iliyokuwa imepangiwa keki na kupiga picha, ilivyokuwa. Alianza kuchonga nyota mpya jioni ileile. Bwana Berney alikuja kukaa kando yake bila kuitwa. Siku ya kwanza hakuruhusiwa kugusa kitu. Siku ya pili alipewa springi aikwangue.

“Unapiga tupa kama unamkuna ng'ombe mgongo,” Bi Zélie akamwambia.

“Nimekuwa msimamizi miaka kumi, Bi Zélie. Mkono umeota kutu.”

“Ungekuwa mkono tu, ningeshukuru.”

Jumatano alasiri nyota ilikuwa karibu kumalizika. Lilibaki jino moja. Bi Zélie aliinama, na tulisikia mlio mdogo, mkavu, kama kucha inayokatika. Jino lilikuwa limevunjika. Alikaa akilitazama dirisha. Soseji na vitunguu alivyoletewa vilipoa kwenye sahani, mafuta yakaganda. Kwa muda wote wa utumishi wake hakuna aliyewahi kumwona ameweka mikono mapajani saa za kazi, na sasa ilikuwa hapo, mapajani. Mlangoni walisimama watu kadhaa.

“Macho yamechoka,” akasema mwishowe. “Masikio bado. Anselme, kata wewe. Mimi nitasikiliza.”

“Mimi?”

“Kuna Anselme mwingine?”

Nyota ya pili, basi, ilikatwa na Bwana Berney, Alhamisi nzima na kipande cha Ijumaa asubuhi. Bi Zélie alikaa amefumba macho, na kila tupa iliponung'unika vibaya alisema “polepole” au “geuza”, na mara moja alisema neno ambalo halifai kuchapwa katika jarida la watumishi. Msimamizi, ambaye huku chini kwenye karakana ndiye anayetupandishia sauti, alijibu kila mara “ndiyo, Bi Zélie”, kama mwanafunzi.

Ijumaa watu wote walikusanyika. Meza zilikuwa zimetandikwa, vyakula vipo, na hakuna aliyekula. Bi Zumsteg alikuja na fimbo yake, akaketi karibu na benchi. Bwana Lambelet alikuwa na hotuba mfukoni. Karatasi ilionekana, lakini hakuitoa. Saa ilivuka ile dakika ya wimbo mrefu na, kwa mara ya kwanza tunayoikumbuka, hakuna mtu aliyeisukuma. Tuliipitisha kimya.

Kengele ya kanisa ikagonga. Bi Zumsteg akasukuma kitelezi.

Mlio mmoja, mzito. Ukakaa hewani, ukapungua, ukaisha.

Na sisi tukangoja. Masikio yetu yamezoea Mchungaji mwenye maneno mengi, kwa hiyo kila mmoja alisubiri mlio wa pili, akiomba usije. Bwana Berney alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wake wenye mafuta. Bi Zélie hakutazama saa. Alikuwa anamtazama Bi Zumsteg usoni.

“Basi?” Bwana Lambelet akanong'ona.

“Basi,” Bi Zumsteg akasema. “Ni saa saba.” Akageuza uso huku na huku. “Mbona kimya? Mmeondoka?”

Hapo ndipo watu walipopata pumzi. Kuna waliocheka, kuna waliolia, na Bwana Lambelet alifanya vyote viwili, akasahau hotuba yake na kusema sentensi moja tu: kwamba chumba cha sauti hakitafungwa. Bi Zumsteg alisaini. Kisha aliomba saa isukumwe tena kila dakika mpaka atakapomaliza kula, na hakuna aliyemkatalia.

Nyota ya zamani, yenye kishimo, Bi Zélie aliomba iwekwe kwenye kabati la vioo ukumbini, mahali alipokuwa Mchungaji, bila maelezo ya kuipamba. Wageni wakiuliza, tumeagizwa tuwaambie ukweli. Na kuanzia sasa kila saa inayotoka Combe-Noire itasikilizwa mzunguko wake wote, saa kwa saa, hata zile fupi zisizo na wimbo. Kazi itakuwa ndefu zaidi, na tayari wapo wanaolalamika.

Jumatatu ya tarehe 3 Agosti karakana itafunguliwa, na Bwana Berney, kwa ombi lake mwenyewe, atakuwa ameacha usimamizi na kuhamia kwenye benchi la chumba cha sauti. Ameomba tujue kwamba anaogopa. Bi Zélie amemwambia aendelee hivyohivyo, kwa sababu siku aliyoacha yeye kuogopa ndiyo siku aliyosema saa ile iachwe palepale.

Bi Zélie, tunakushukuru kwa miaka yako yote, na kwa ile Jumatatu kuliko miaka yote. Wengi wetu bado hatujatulia, lakini tunasikiliza vizuri zaidi. Tunakutakia siku nyepesi kule Le Solliat, madirisha yakiwa wazi na ng'ombe wakipita wanavyotaka. Ulale mpaka jua liwe juu, na saa ya nyumbani kwako ikikosea, iache ikosee.